Mjadala: Taka ndani ya tofali jepesi la saruji, ni ujenzi au ni jalala lililopigwa lipu?

Mleta mada:
Wakuu, kila matofali mepesi yenye taka yakitajwa, sifa ni ile ile: taka zimepungua, mazingira yamepona. Mimi napinga, na si kwa sababu tofali lenyewe ni bovu. Nimelifyatua kwa mikono yangu. Lile povu gumu jeupe linalokinga televisheni mpya kwenye boksi, yaani polistairini, ukilisaga ukaliweka badala ya kokoto, unapata tofali la kubeba kwa mkono mmoja. Zege la kawaida lina kilo kama 2,400 kwa mita ya ujazo. La povu linaweza kushuka chini ya 1,000, kwa sababu povu lile karibu lote, asilimia 98 hivi, ni hewa.

Kulichanganya ndiko kuna visa. Punje zinanata kwenye glavu kama zina sumaku, na ukimwaga maji zinaelea juu huku saruji ikituama chini. Ilinibidi nizigaragaze kwanza kwenye uji mzito wa saruji zivae koti, ndipo mchanga ufuate.

Kilichonibadilisha ni siku nilipolikata kwa msumeno. Punje zikatapakaa uani, upepo ukazibeba, na nikaziokota mpaka nikachoka. Kabla sijalisaga, povu lile lilikuwa pande moja, mtu angeweza kulichukua akalipeleka linakorejelezwa. Sasa ni maelfu ya punje zilizong'ang'ania saruji na hakuna wa kuzitenganisha. Kwa hiyo hoja yangu ni hii: plastiki isiingie kwenye tofali mpaka anayelifyatua aseme litakwenda wapi siku likibomolewa. Nawasilisha.

Fundi wa ghorofa:
Mkuu, wewe unalilia tofali litakalobomolewa wajukuu wakiwa wazee, mimi nalia na mgongo wangu leo. Kuta za kugawa vyumba hazibebi kitu, ila uzito wake wote unashuka kwenye boriti, nguzo na msingi. Zikiwa nyepesi, nondo zinapungua na zege linapungua. Na hiyo saruji unayoitetea si malaika. Utengenezaji wake unachangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na zaidi ya nusu yake haitoki kwenye kuni wala makaa ya tanuru, inatoka ndani ya mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa.

Mpita njia:
Fundi, tofali la povu likikosa nguvu unafanyaje? Unaongeza saruji. Basi hapo umeokoa nini?
Na moto hamjautaja. Povu hilo linaanza kunywea kwenye nyuzi joto mia na kitu. Likiwa limefunikwa vizuri na saruji haliwaki ovyo, lakini linayeyuka na kuacha matundu mahali palipokuwa na ukuta.

Wa maabara:
Ndugu zangu, mnasema "taka" kana kwamba ni kitu kimoja. Chukueni kioo. Chupa zikipondwa punje kubwakubwa, silika yake, yaani madini yale yale ya mchanga, inapambana na alkali iliyomo kwenye saruji, unazaliwa ute unaokunywa maji na kuvimba, na baada ya miaka ukuta una nyufa za utando wa buibui. Kioo hicho hicho ukikisaga kikawa laini kama saruji, kinageuka msaidizi wake na kinaongeza nguvu. Majivu ya maganda ya mpunga nayo yana mambo yake: yakichomwa kwa moto wa wastani silika yake inakuwa hai, yaani tayari kushikana na saruji, moto ukipita nyuzi 700 hivi inaanza kuwa fuwele na kulala usingizi, na vumbi la fuwele si la kuvuta.

Halafu kuna majivu ya taka za majumbani. Humo mna vipande vya aluminiamu, na aluminiamu ikikutana na saruji mbichi inatoa hidrojeni. Tofali linaumuka kama andazi, likikauka linapasuka. Cha kuchekesha, Wasweden walilifanya jambo hilo kwa makusudi miaka ya 1920: unga wa aluminiamu uliopimwa, kisha tofali linapikwa kwa mvuke wenye shinikizo, na likawa tofali jepesi linaloheshimika hadi leo. Kilichowaokoa ni vipimo. Gunia la taka la leo si la jana, na hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko plastiki.

Mbomoaji:
Mimi nabomoa majengo. Mwanzoni mwa karne iliyopita Ludwig Hatschek wa Austria alichanganya saruji na nyuzi za asbesto, madini ambayo vumbi lake linaleta saratani, zikapatikana shiti nyepesi, imara, haziungui. Zilisifiwa vilevile. Umoja wa Ulaya umezipiga marufuku tangu 2005, na bado zinabomolewa na watu kama mimi. Sisemi povu ni asbesto. Nasema yule mwenye msumeno hakuwahi kuulizwa.

Mleta mada:
Wa maabara, kwenye kioo laini na majivu yaliyopimwa nimekubali, maana hayo yanageuka kuwa sehemu ya zege. Plastiki haigeuki, inajificha tu. Fundi, wepesi unapatikana bila plastiki: kuna zege la povu la sabuni, na kuna pumisi, lile jiwe jepesi lenye matundu. Kuba la Pantheon, hekalu la kale pale Roma, lina upana wa mita 43 na ushei, sehemu ya juu imewekewa mawe mepesi kama hayo, na lina karibu miaka 1,900 bila nondo hata moja.

Fundi wa ghorofa:
Pumisi inatoka kwenye volkano, mkuu. Asiye na volkano je? Povu linamngoja jalalani. Hebu niambie ukweli, yale matofali uliyoyakata uliyapeleka wapi?

Mleta mada:
Yako kwenye magunia nyuma ya banda. Na punje nilizookota nazo ziko humo humo.