Umewahi kurudia kitabu cha zamani ukakuta mtu uliyemruka mara ya kwanza?

Msomaji wa Usiku:

Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanisumbua wiki ya pili sasa, naomba mawazo yenu.

Mwaka 2004 nikiwa chuo nilinunua Maungamo ya Mtakatifu Augustino (yule askofu wa zamani wa Afrika Kaskazini, anamsimulia Mungu maisha yake na dhambi zake) kwa wale wauza vitabu vya mitumba pale Posta, toleo la Kiingereza, karatasi zimeshageuka rangi ya chai. Nilikuwa mlokole wa moto kipindi kile, nikakisoma mbio mbio na kalamu ya kijani mkononi, napiga mstari kila kitu. Juzi umeme umekatika, simu iko asilimia 9, nikasema ngoja nishike kitabu chochote, nikavuta hicho. Sehemu ya mapeasi (kama yale ya Lushoto, yeye na wenzake walienda kuyaiba usiku kwenye mti wa jirani, wala sio kwa njaa, mengi wakaenda kuwatupia nguruwe) nimeipigia mistari mpaka karatasi imetoboka, pembeni nimeandika KWELI KABISA!!! Nimecheka peke yangu gizani.

Sasa nilipofika kitabu cha sita (Maungamo yamegawanywa sehemu zinazoitwa vitabu) sura ya 15 nikakwama. Kuna mwanamke. Augustino aliishi naye tangu ujana wake kule Karthago, zaidi ya miaka kumi, wakazaa mtoto wa kiume. Wakiwa Milano, Italia, mama yake Augustino, Monika, akawa anamtafutia mchumba, akapatikana binti ambaye umri bado, inabidi asubiriwe kama miaka miwili, kwahiyo yule wa siku zote akaonekana kizuizi, akarudishwa Afrika. Akaondoka ameweka nadhiri kwamba hatamjua mwanaume mwingine, na mtoto akabaki kwa baba. Augustino mwenyewe anakiri moyo wake uliokuwa umeshikamana naye ulichanika ukavuja damu, halafu sentensi chache mbele anakiri kwamba ile miaka miwili ilimshinda akatafuta mwingine wa kukaa naye. Jina la yule wa kwanza hakuliandika popote.

Ukurasa huo hauna mstari hata mmoja wa kijani. Mweupeee. Nilipita hapo kama mwendokasi linavyopita kituo ambacho halisimami, na sasa hivi nina mabinti wawili siwezi kupita.

Swali langu, hii imeshamtokea mtu mwingine? Na je kusoma hivi ni sawa au nimeacha ujumbe nimeshika ya pembeni? Rafiki yangu mmoja mchungaji ananiambia natafuta madoa ya watakatifu.

Jembe la Chuma:

Mkuu mimi ntakuwa mkweli tu, kitabu cha mwaka 400 huko cha nini saa hizi? Muhtasari uko YouTube, dakika kumi na mbili unakunywa chai umemaliza. Vipya vyenyewe hatuvimalizi tunarudia vya zamani kweli? Muda huo bora ulale.

Mwalimu Chaki:

@Jembe la Chuma kwenye huo muhtasari huyo mama umemkuta? Mimi nimeshasikiliza kadhaa, wanasema "aliishi maisha ya anasa" wanaendelea. Yaani mtu mzima aliyebeba mimba na kulea mtoto amegeuka "anasa".

Mleta mada, mimi lilinikuta kwenye Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare. Nimeifundisha miaka mingi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere, na kumbuka Mwalimu mwenyewe alirudia kazi yake, aliitoa 1963 akiwa Rais tayari, akaipitia tena ikatoka upya 1969, mtu ana nchi ya kuendesha lakini anakaa kubishana na mstari aliokwisha uchapisha. Miaka yote hiyo darasani nilikuwa nawaambia wanafunzi Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, kashindwa kwa sababu Antoni, rafiki wa Kaizari, ana ulimi. Basi.

Nimestaafu, nikachaguliwa mwenyekiti wa kikundi fulani cha kuweka na kukopa (sisemi kipi). Tukawa na kikao kizito cha kumwondoa mtu aliyekula hela, ushahidi tunao kwenye faili. Nikasimama nikaeleza kwa utaratibu, hoja moja baada ya nyingine, halafu kwa kutaka kuonekana mtenda haki nikasema sasa na mwenzetu apewe nafasi ajieleze, nikatoka nje kupokea simu. Narudi naona akina mama wanalia, jamaa kashika picha ya watoto wake. Tukapiga kura tukashindwa!

Usiku ule nikafungua kitabu. Kumbe Kasio, mwenzake kwenye njama, alimwonya kabisa Brutus asimruhusu Antoni kuhutubia kwenye mazishi ya Kaizari, na Brutus akasema usijali ntaongea mimi kwanza. Akaongea, vizuri tu, akawaomba watu wabaki wamsikilize Antoni, akaondoka peke yake!! Nimefundisha hiyo zaidi ya miaka ishirini sikuwahi kuona kwamba jamaa ALIONDOKA. Nilikuwa nasahihisha insha za ufasaha wa Antoni wakati jambo lenyewe liko kwenye miguu ya Brutus.

Binti wa Kisiwani:

Asalaam aleikum nyote. Mimi si Mkristo na huyo Augustino ndo namsikia vizuri leo, ila habari ya mwanamke kurudishwa kwao huku pwani haihitaji kuelezewa.

Langu ni Utendi wa Mwana Kupona, ule wa mama anayemuusia binti yake. Shuleni tulikuwa tunaucheka, hasa ile sehemu ya mume akilala asikose mtu wa kumpepea, wavulana walikuwa wakitupungia madaftari eti tuwapepee. Tukajibu mtihani "mshairi anamkandamiza mwanamke", nikapata alama zangu, nikafunga.

Mwaka juzi mamangu aliugua muda mrefu. Nikaurudia huo utendi sijui kwa nini, labda kwa vile ulikuwa kwenye simu. Wallahi beti za mwanzo sikuwahi kuzisoma! Nilizisoma kama mtu anavyosoma bismillahi, mdomo unakwenda akili iko mbele. Mwana Kupona anasema maradhi yamemshika mwaka mzima hakupata kumwambia mwanawe neno la maana, anamwita asogee akae karibu na wino na karatasi. Ni 1858 hiyo, yuko Pate, mumewe Bwana Mataka wa Siu keshafariki, na yule binti ndo anaachiwa. Mgonjwa anatamka, mtoto anaandika. Na pale anapomkumbuka marehemu babake, kwamba walikaa kwa furaha hawakuteta hata siku moja mpaka alipoitwa na Mola, mimi nilikuwa nayaona maringo, sasa nasikia mjane anayemsimulia mtoto babake.

Ile ya kupepea bado haijanikaa vizuri, nisiseme uongo. Kusoma mara ya pili hakujanifanya nikubali kila kitu. Ila nimeacha kucheka. Mama yangu hakuniachia utendi, kaniachia sauti za WhatsApp arobaini na kitu, nyingi ni za "umekula?" na kikohozi katikati.

Katekista wa Zamani:

Pole sana binti yangu, Mungu amrehemu mama.

Kwa mleta mada, usimsikilize anayesema unatafuta madoa. Kitabu kinaitwa Maungamo, mwenyewe ndiye aliyeyaanika, kama angetaka tusimwone huyo mama angenyamaza tu, nani angejua?

Kuhusu jina ngoja niongeze kidogo. Yule rafiki yake wa Thagaste aliyekufa kwa homa, kitabu cha nne, ambaye kifo chake kilimliza mpaka mji wa kwao akauona jehanamu, naye hana jina. Hata Monika mwenyewe ambaye yumo karibu kila mahali, jina lake linatajwa mara moja tu, mwisho kabisa wa kitabu cha tisa, anapowaomba wasomaji wamkumbuke altareni pamoja na baba yake Patrisi. Kwahiyo kutotaja jina kwake si lazima iwe dharau. Ila sitaki kumtetea kupita kiasi maana mtoto wa yule mama ana jina, Adeodato, yaani aliyetolewa na Mungu, kama sisi tunavyowaita watoto Zawadi.

Na huyo mtoto mfuatilie. Nenda kitabu cha tisa sura ya 12. Monika amefariki pale Ostia, bandari ya Roma, Augustino yuko kwenye mwaka wa 33 wa umri wake, anajizuia asilie, kijana anaangua kilio na wakubwa wote wanamnyamazisha. Mimi nilikuwa nafundisha hapo kwamba Mkristo asilie kama asiye na tumaini. Nilipozeeka ndo nikapiga hesabu, huyu kijana wa miaka kama 15 mama yake alirudishwa ng'ambo ya bahari juzi tu, leo bibi naye kaondoka, halafu anaambiwa nyamaza. Naye hakuishi sana baada ya hapo.

Msomaji wa Usiku:

Mzee umenimaliza. Nimeenda sasa hivi kuangalia, kitabu cha tisa sura ya 12 nimepiga mstari wa kijani chini ya maneno ya kumnyamazisha mtoto, na pembeni nimeandika "imani!" Naona aibu. Sasa nasikia Augustino alitunga pia kitabu cha mazungumzo yake na huyo kijana, kinaitwa Mwalimu, mwenye nacho anisaidie.

Katekista wa Zamani:

Kweli kipo, na kwenye Maungamo hayo hayo, kitabu cha tisa sura ya 6, anaapa mbele za Mungu kwamba mawazo yote yaliyowekwa kwenye kinywa cha kijana humo ni ya kijana mwenyewe, akiwa na miaka 16. Ninacho, ila jalada lilishaliwa na mchwa. Nicheki inbox.

Jembe la Chuma:

Hiyo sura ya 15 ni ndefu? Nipigie picha basi nione.

Msomaji wa Usiku:

@Jembe la Chuma haifiki hata ukurasa. Subiri umeme urudi, huku wamekata tena.