Ukiitazama Vuta N'kuvute, umeisoma?

Kalamu Butu: Wakuu, jana nimebishana na shemeji mpaka chai ikapoa. Ametazama filamu ya Vuta N'kuvute aliyoiongoza Amil Shivji (2021), sasa anasema riwaya ya Shafi Adam Shafi haina haja tena. Mimi niliisoma kidato cha sita kwa ajili ya mtihani, na Denge, yule mhusika mkuu, niliyenaye kichwani si yule wa kwenye skrini. Mnasemaje?

Fundi Dishi: Siku nne za kusoma kitabu za nini wakati filamu ya saa moja na nusu inatosha? Mimi kitabu hicho nilikisoma kwa madesa, zile notisi za muhtasari, nikapata B.

Mpemba Halisi: Basi hukukisoma, ulisoma madesa. Filamu inakuonyesha Yasmin akimkimbia Raza. Kitabu kinakuweka ndani na yule mume mzee mpaka na wewe unatafuta mlango ulipo. Lakini nyinyi wa banda umiza, vile vibanda vya video, mliolelewa na muvi za kutafsiriwa, tunakusameheni tu.

Fundi Dishi: Hapo kwenye banda umiza umenikosea. Nililipa shilingi mia, nikakaa benchi la mbao, mama anajua niko tuisheni. Lufufu akianza kutafsiri, hata bibi asiyejua Kiingereza wala Kichina anacheka. Kitabu chako kilimchekesha bibi gani?

Mama Wawili: Lufufu! Umenikumbusha mbali. Ukimsikia tu ulikuwa unajua steringi hafi.

Nyali Boy: Huku Kenya ni DJ Afro. Huyo Lufufu wenu tunamsikia kwa majirani.

Mama Wawili: Mdogo wangu, heshimu wakubwa.

Mpemba Halisi: Wanaongea juu ya muziki, wanatia maneno ambayo mchezaji hakuyasema. Hiyo ni filamu au baraza la kahawa? Babangu alikuwa akiingia sinema ya Majestic pale Vuga, Unguja, picha ya Kihindi, hana tafsiri, na alikuwa akilia.

Fundi Dishi: Hajui Kihindi, hana tafsiri, analia. Alikuwa analilia nini, kiingilio?

Mpemba Halisi: Mzazi wangu usimguse.

Kalamu Butu: Jamani, mada ilikuwa Vuta N'kuvute.

Mwalimu wa Zamani: Tulieni kidogo. Kamera inamwona mtu kwa nje. Anachowaza, mwandishi anakueleza kwa sentensi mbili, mwongozaji inabidi akitafutie uso, kivuli, au kimya. Sasa yule dijei alikuwa anasema "hapa jamaa roho inamuuma, anamkumbuka mama yake". Hiyo ni kazi ya msimulizi. Watoto wa banda umiza walikuwa wanasomewa huku wanatazama.

Nyali Boy: Mwalimu, lakini DJ Afro na Lufufu, nani mkali?

Fundi Dishi: Mwalimu kaniunga mkono. Nimeshinda.

Mwalimu wa Zamani: Sijamuunga mkono mtu. Na B ya madesa, kama ningesahihisha mimi, ungepata D.

Fundi Dishi: Walimu wa zamani kwa roho mbaya! Ndiyo maana tulikuwa tunatorokea kwenye video.

Mpemba Halisi: Nangoja uniombe radhi kwa babangu.

Fundi Dishi: Samahani kwa mzee. Kwa picha ya Kihindi, hapana.

Mama Wawili: Hivi kuna mwenye kanda zile za Lufufu, za zamani kabisa? Deki ninayo, inameza kidogo lakini inacheza. Nije inbox?