Wamenikata kodi, cheti hawanipi, na deni nadaiwa mimi

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimetoka kulipa kodi ya mwaka jana kwa mara ya pili, na nikilala na hasira hii itanidhuru. Naitua hapa.

Kazi yangu ni kuhariri na kupanga ripoti. Mikataba ya wiki 6, miezi 2, ikizidi sana mitatu. Mwaka jana nilipata mikataba 5, na katika mitatu kati ya hiyo mlipaji alikata kodi ya zuio kabla ya kuniingizia hela. Sikulalamika hata kidogo, maana sheria inamtaka akate. Hati za malipo zilionesha kila kitu: jumla ya ankara, makato ya kodi, kilichobaki. Nikaziweka kwenye faili nikijua upande huo umekwisha.

Msimu wa ritani, yaani kupeleka hesabu za mapato ya mwaka, ulipofika nikafungua akaunti yangu kwenye mfumo wa mamlaka ya mapato. Kwenye sehemu ya kodi iliyozuiwa kwa jina langu kulikuwa na mstari mmoja. Makato matatu, mstari mmoja! Nikadhani mfumo umekwama. Nikatoka, nikaingia tena, nikajaribu kwenye kompyuta ya jirani. Mstari ni ule ule.

Nikampigia mhasibu wa kampuni ya kwanza. Alinijibu papo hapo, bila kuomba hata namba ya ankara: "Ndugu yangu, sisi tulishakukata. Wewe umemalizana na kodi." Nikamuuliza cheti changu cha kodi ya zuio, ile karatasi inayothibitisha kwamba kodi niliyokatwa imepelekwa serikalini, kiko wapi. Akasema, "Cheti cha nini?" Mtu amekata hela yangu kwa jina la serikali halafu ananiuliza cheti cha nini. Kampuni ya pili nimewapigia mara tatu na kuwaandikia barua pepe nne. Nimepata jibu moja tu, kwamba mhusika yuko likizo. Hii ni wiki ya saba, na hakuna anayeweza kuniambia nani ameachiwa kazi zake.

Nikaenda ofisi ya kodi na hati zangu za malipo mkononi. Afisa alinisikiliza kwa heshima, siwezi kumsingizia. Akazipitia zote, akageuza kioo cha kompyuta nione mwenyewe, akasema: "Hizi zinaonesha kwamba walikukata. Hazioneshi kwamba walileta." Kodi ya mikataba yote miwili ikahesabiwa upya juu yangu, ikaongezwa faini ya kuchelewesha ritani, ikaongezwa na riba. Hiyo faini nakiri ilitokana na uamuzi wangu. Nilishikilia ritani nikisubiri vyeti, nikapitisha tarehe. Anayesoma hapa asirudie: peleka ritani kwa tarehe yake, karatasi zinazokosekana uendelee kuzifuatilia baadaye. Lakini kodi yenyewe? Ile nilishailipa. Ilitoka kwenye jasho langu, ikaishia kwenye akaunti ya mtu mwingine.

Kinachonichoma zaidi ni hili neno "umemalizana na kodi". Wahasibu wengi wanalisema, na sisi tunaofanya vibarua vya mikataba mifupi tunalimeza. Katika nchi nyingi kodi ya zuio kwenye ada ya huduma ni malipo ya awali tu. Ni kama umetanguliza sehemu ya deni. Mwisho wa mwaka unajumlisha mapato yote, unatoa gharama za kazi, unapata kodi unayodaiwa, ndipo unapunguza kile kilichokwisha kukatwa. Kenya, kwa mfano, mkazi anayelipwa ada ya ushauri hukatwa asilimia 5, wakati viwango vya kodi ya mapato ya mtu binafsi vinaanzia asilimia 10. Ile 5 haijamaliza kitu. Kuna malipo ambayo sheria imeyafanya zuio lake kuwa kodi ya mwisho, na hayo yanatofautiana nchi kwa nchi. Kwa hiyo usikubali mlipaji akuamulie, soma sheria ya unakolipa kodi.

Na zuio hilo linakatwa kwenye ankara nzima. Halijui kwamba ulinunua programu, ulilipia intaneti, ulimlipa msaidizi. Chukulia ankara ya 100, gharama zako 60. Faida yako ni 40. Asilimia 5 ya 100 ni 5, na 5 kwenye 40 ni asilimia 12.5 ya ulichopata kweli. Mwenye gharama kubwa zaidi anaumia zaidi. Njia pekee ya kurejesha uwiano ni kuwasilisha hesabu za mwaka, kuonesha gharama kwa stakabadhi, na kupunguza kilichozuiwa kwa vyeti. Cheti kisipokuwepo, njia imezibwa. Ndiyo maana nakasirika mtu anapokiita "karatasi tu". Hiyo karatasi ndiyo stakabadhi yangu ya kulipa kodi. Dukani ukilipa ukanyimwa risiti unagoma kuondoka, hapa tunaambiwa tusubiri.

Tusiambiwe pia kwamba haiwezekani kupangwa vizuri. Uingereza kwenye kazi za ujenzi, mkandarasi mkuu humkata fundi aliyesajiliwa asilimia 20 na asiyesajiliwa asilimia 30, na anatakiwa kumpa taarifa ya makato kwa maandishi ndani ya siku 14 baada ya mwezi wa kodi kuisha. Siku 14! Na India, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1961 iliweka kifungu cha 205 kinachosema wazi kwamba kodi ikishakatwa kwenye malipo yako, hutatakiwa kuilipa tena wewe kwa kiasi kilichokatwa. Yaani aliyekata akikaa nayo, serikali imfuate yeye. Nilipokisoma nilikirudia mara tatu. Hicho ndicho ninachotaka kila mahali, na sioni ugumu wake: mlipaji ana anwani, ana vitabu, ana mhasibu anayelipwa mshahara. Mimi nina mkataba wa wiki 6 uliokwisha zamani. Kwa nini mkono wa sheria unaanza na mimi?

Tena huyo mlipaji ananiita mkandarasi huru pale tu panapompunguzia mzigo. Mmoja wa wale wawili alinitaka nifike ofisini kwao kila siku asubuhi, nitumie mashine yao, niombe ruhusa nikitaka kutoka. Hayo ni mambo ya mwajiriwa. Lakini kwenye mchango wa hifadhi ya jamii, eti mimi ni huru, nijichangie. Marekani mtu wa aina yetu analipa asilimia 15.3 ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee peke yake, wakati mwajiriwa analipa nusu na mwajiri nusu. Tofauti ni kubwa kiasi hicho, na inatoka mfukoni mwa mwenye mkataba mfupi ambaye hana likizo, hana malipo ya ugonjwa, na mwezi ujao hajui atalipwa na nani. Uingereza waliona ujanja huu wakaweka kanuni za IR35 tangu mwaka 2000 ili anayefanya kazi kama mwajiriwa kwa kupitia kampuni yake mwenyewe atozwe kodi kama mwajiriwa. Hazipendwi na wengi, lakini angalau swali linaulizwa.

Wenzangu mnaofanya kazi za nje ya nchi msijione mmepona. Mteja asipokukata, kodi yote iko juu yako, na kodi ya makadirio, ile inayolipwa kwa awamu ndani ya mwaka, ni wewe uilipe bila kukumbushwa. Akikukata kwao, unapotaka kupunguza kodi hiyo kwenye kodi ya kwenu utaulizwa kitu kile kile: cheti.

Na kile kipengele cha "malipo haya yanajumuisha kodi zote". Nilikisaini mwanzoni nikidhani wananilipia. Maana yake ni kinyume: kodi yote imo ndani ya hela niliyokubali. Siku hizi kabla ya kusaini nauliza mambo mawili kwa maandishi. Kiasi hiki ni kabla au baada ya zuio? Na cheti kitatolewa siku ngapi baada ya malipo? Mteja mmoja alikasirika kuulizwa, kazi nikaiacha. Iliniuma, nilikuwa naihitaji, lakini sijutii.

Nyie wahasibu mliomo humu, nawaomba kama ndugu. Ule mstari wa makato mnaouchapa kwenye hati ya malipo ni kodi ya mtu mwenye jina na namba ya mlipakodi. Mkikosea tarakimu moja ya namba hiyo, hela inaingia kwa mtu mwingine na mimi naonekana sijalipa. Mkiichelewesha ili mzungushe hela mwezi huu, riba inanilalia mimi. Mkikaa nayo kabisa, huo ni wizi, na sitautafutia jina laini.

Kampuni ya kwanza nimewaandikia barua rasmi jana, nimeambatanisha mkataba, ankara na hati ya malipo, na nakala nimepeleka ofisi ya kodi ili wawakague wenyewe. Nimewapa siku 14. Kampuni ya pili barua yao inatoka kesho.

Naomba kujua kwa waliopitia hili: kuna aliyewahi kurudishiwa kodi aliyolipa mara mbili baada ya mlipaji kubanwa akaleta? Ulitumia pingamizi la tathmini, yaani kupinga hesabu ya kodi uliyodaiwa, au ombi la marejesho? Muda wangu wa kuweka pingamizi unahesabika, na sitaki nikosee njia tena.