Mabango ya sinema yaliyokunjwa: niyahifadhije, na je, niyatundike?

Swali
Marehemu babu yangu, aliyekuwa akikata tiketi katika ukumbi mmoja wa sinema hapa Unguja, ametuachia sanduku la mabango ya filamu za Kihindi za miaka ya 1960 na 1970. Karatasi zimegeuka manjano na baadhi zinachanika kwenye mikunjo. Jirani amenishauri niyafanyie laminesheni kisha niyatundike sebuleni. Nyumba yetu ni ya mawe na chokaa, na kuta zake huvuta unyevu masika yote. Naomba ushauri wenu.

Jibu la 1
Ndugu, laminesheni usithubutu. Joto la mashine huigandisha plastiki kwenye nyuzi za karatasi, na hakuna atakayeibandua tena bila kuliharibu bango. Mabango mengi yalichapwa kwenye karatasi rahisi ya rojo la mbao, ambayo kadiri inavyozeeka huzalisha asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoikausha hadi ikakatika mkunjoni; ukiifungia ndani ya plastiki, itaendelea kuliwa humo humo. Yakunjue taratibu, uyalaze bapa kwenye droo pana, kila moja ndani ya karatasi isiyo na asidi au plastiki angavu ya poliesta. Plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu kali, iepuke, kwani hunata kwenye wino.

Jibu la 2
Naongeza kuhusu unyevu. Ukungu hupata nafasi unyevu wa hewani unapozidi asilimia 65 kwa muda mrefu, jambo la kawaida pwani, kwa hiyo kipima unyevu cha bei nafuu kitakufaa kuliko fremu ya fahari. Kabati lisiguse ukuta wa nje. Palipochanika usitie selotepu. Bandika kwa nyuma karatasi nyembamba ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano, kidogo mno, maana wanga huita wadudu.

Muulizaji
Ahsanteni. Nyuma ya baadhi yake kuna mhuri wa ukumbi na tarehe za maonyesho kwa penseli. Niyafute?

Jibu la 1
La hasha! Kwangu mimi maandishi hayo yana thamani kuliko picha yenyewe, kwa sababu bango la filamu ile ile huenda likapatikana Mumbai, lakini ushahidi kwamba lilitundikwa Unguja unao wewe. Kwa hiyo usiligandishe kwenye kitambaa wala ubao, ukayafunika maandishi ya nyuma. Piga picha pande zote mbili, uchapishe nakala, na nakala ndiyo uitundike sebuleni, kwa kuwa rangi iliyofifishwa na mwanga hairudi.