Mrejesho: Mzee wangu wa miaka 67 na suala la figo

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama ni haki baba, 67, wa hapa Ngamiani Tanga, kuambiwa "umri umepita" alipoulizia kupandikizwa figo.

Tumeonana na daktari bingwa mwingine. Kasema umri peke yake haumfungii mtu mlango; wanapima moyo, mishipa, saratani, na kama mwili utahimili upasuaji.

Mlionijibu kwamba figo "waachieni vijana", sikilizeni. Huko Ulaya kuna foleni ya figo za marehemu, na tangu 1999 nchi kadhaa, Ujerumani ikiwemo, zina mpango wa kuwapa wenye 65 na zaidi figo za waliofariki katika umri huohuo. Hapa kwetu, tangu Muhimbili waanze 2017, figo inatoka kwa ndugu aliye hai. Sasa mzee anamnyang'anya kijana gani?

Kilichokwama ni kingine. Mdogo wangu, 24, alijitolea. Mzee akagoma: "Yangu nimeshatumia, ya mwanangu siigusi." Siku mbili hatukuongea.

Shangazi, 58, ndiye kakubali. Kundi la damu limelingana, vipimo vingine bado. Kusafisha damu kunaendelea, mara tatu kwa wiki.