Duka limefungwa, kazi imekwisha: wana Nyanda za Juu Kusini tupeane uzoefu

Binti wa Mafiati

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni wa wale ambao duka walilokuwa wanauza limefungwa, na wa wale waliofunga duka lao wenyewe, kuanzia Tunduma mpaka Ilula. Eleza ilianzaje, uliondoka na nini mkononi, na sasa unaishije. Ninachotaka ni kwamba mtu aliyeambiwa leo "kesho usije" akipita hapa akute maneno ya waliotangulia. Siku ile kichwa hakifanyi kazi kabisa, na kila ndugu ana ushauri wake.

Naanza na yangu. Nilikuwa muuzaji kwenye duka la jumla na rejareja pale Mwanjelwa, hapa Mbeya: ndoo, madumu, sufuria, mikeka, thermos. Watu wakipita wanadhani duka kama lile linalishwa na wakazi wa mjini. Wateja wetu wakubwa walikuwa wenye vijiduka vya Chimala, Igurusi, Isongole na Mbalizi. Wanakuja asubuhi, wanafunga mzigo, wanapakia kwenye Fuso wanaondoka. Huku kwetu msimu ni mmoja. Mpunga wa Usangu, mahindi na viazi vikiuzwa vizuri, Julai mpaka Oktoba hukai chini. Mkulima akipata pesa anabadilisha bati, ananunua sufuria, anaoza binti. Bei ikianguka anafunga mahindi ndani anasubiri, na sisi mjini tunasubiri naye. Kuanzia Januari pesa yote inakwenda kwenye ada na mbolea, hapo ndipo maduka yanapokatikia.

Na ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mzigo kutoka Kariakoo ukaanza kuja nusu, kisha mlinzi akaachishwa, kisha kati ya fremu mbili moja ikarudishwa. Kodi ya fremu inalipwa kwa mkupuo, miezi sita au mwaka, kwa hiyo tarehe ya kodi ndiyo inayoamua duka litaishi au litakufa. Yetu iliisha Februari. Bosi alituita jioni tukiwa tunafunga hesabu, akatuambia ukweli mbele ya daftari la madeni. Alikuwa anadaiwa, na yeye alikuwa anawadai watu wa vijijini zaidi ya thamani ya mzigo uliobaki. Namheshimu kwa hilo, hakukimbia usiku. Ila tuliondoka na mshahara wa mwezi ule tu, hakuna barua, hakuna karatasi yoyote.

Karibuni.

Mzee wa Kihesa

Kamwene. Pole sana mwanangu. Mimi ni mtu mzima, niko hapa Iringa, niliuza duka kabla wengi wenu hamjazaliwa. Mwaka 1976 ilipokuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili ya ushirika yachukue nafasi. Nikapata ajira kwenye mojawapo. Bidhaa tulichukua RTC, kampuni ya biashara ya mkoa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nasimama nyuma ya kaunta rafu zikiwa tupu. Sabuni ikija, foleni inaanza alfajiri, na watu wazima wanaoheshimika wanagombana kwa kipande kimoja. Kuanzia 1984 wafanyabiashara waliporuhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao, mitumba na sabuni zikajaa madukani, na duka letu la ushirika halikuweza kushindana. Likafa polepole bila mtu kutangaza.

Mke wangu alikuwa na kipande cha shamba Ilula. Nyanya na vitunguu vya pale ndivyo vilivyosomesha watoto wangu. Kwa hiyo nawaambia vijana: usiuze shamba ukalipie fremu. Fremu ni ya mwenye nyumba.

Kijana wa Soweto

Shikamoo mzee. Nimekuelewa, lakini sisi wengine tumezaliwa mjini kwenye chumba cha kupanga. Shamba la kukodi nalo linataka mtaji, na nikilima mahindi bei ikaanguka nitakuwa nimehamisha hasara kutoka dukani kwenda shambani. Tunaomba na ushauri wa asiye na ardhi.

Mzee wa Kihesa

Marahaba. Uko sahihi mwanangu, hilo sina jibu lake. Wengine wakusaidie.

Mama Neema, Sido

Mimi niko kwenye biashara ya nguo tangu soko la zamani. Mwanjelwa iliungua 2006. Tukahamia soko la Sido, likaungua 2011, likaungua tena 2017. Mara zote nilirudi. Watu hawaelewi tunarudije, ngoja niwaambie: mfanyabiashara mwenzako wa Kariakoo aliyekuzoea anakupa mzigo kwa mali kauli, yaani unauza kwanza ndipo umlipe, kikundi kinakupa mchango, wateja wanakuja kukununulia hata kwa huruma. Baada ya moto kila mtu anajua umeunguliwa.

Duka linalokufa kwa kukosa wateja halina mchango. Hakuna anayekuja kukupa pole. Unafungua saa mbili, unapanga, unakung'uta vumbi, mpaka saa tisa hujauza hata soksi. Jioni anakuja kijana wa mikopo kuchukua rejesho la siku, umeuza hujauza. Hiyo mikopo ya kausha damu ndiyo iliyofunga maduka ya jirani zangu wengi. Unakopa ili ulipie kodi, kesho unauza nguo chini ya bei uliyonunulia ili urejeshe, na mwezi ukiisha mtaji umekwenda wote ukiwa bado unafungua mlango kila siku. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona wanawake wenzangu wakibebewa mpaka kabati na kitanda mbele ya watoto.

Juni 2024 tulifunga maduka hapa Mbeya, na Iringa pia, tukiwafuata wenzetu wa Kariakoo kwenye mgomo wa kodi za serikali. Kufunga kule kulikuwa na kelele, viongozi wakaja kutusikiliza, tukafungua. Fremu tatu upande wangu zimefungwa baadaye moja baada ya nyingine na hakuna kiongozi aliyeuliza.

Mimi nilirudisha fremu kabla kodi haijaisha. Nikampata mtu wa kumalizia miezi iliyobaki, nikahamia meza ndogo. Faida ya meza siyo kubwa, ila sidaiwi.

Na anayefunga biashara yenye TIN, namba ya mlipakodi, asiondoke kimya kimya. Andikia TRA, mamlaka ya mapato, barua kwamba umesitisha, na halmashauri kwa ajili ya leseni, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Vinginevyo kwenye kumbukumbu zao wewe bado unafanya biashara.

Wa Kasumulu

Huku mpakani na Malawi duka linaweza kulala bila kosa la mtu yeyote wa hapa. Mwaka 2025 Malawi ilizuia bidhaa kadhaa kutoka kwetu, mchele na ndizi zikiwemo, na Aprili serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini. Zuio letu liliondolewa haraka, mwanzoni mwa Mei. Lakini ndizi za Tukuyu hazisubiri mazungumzo ya mawaziri. Zilizokuwa njiani zilioza, wapakiaji hawakulipwa, na mimi ninayewauzia soda, vocha na maandazi nikakaa na madaftari ya madeni. Wenzetu wa Tunduma walionja hivyo hivyo Mei 2020, Zambia ilipofunga mpaka wake wa Nakonde kwa ajili ya korona. Sijafunga, ila nilimwachisha binti niliyekuwa nimemwajiri, na mpaka leo nikikutana na mama yake sokoni najisikia vibaya.

Afisa Utumishi, Mafinga

Dada wa Mafiati, nimefanya kazi za utumishi kwenye viwanda vya mbao kwa miaka mingi, naomba niingie kwenye lile la kuondoka bila karatasi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteza haki yao.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haijali kama mwajiri ni kiwanda au duka la mtu mmoja. Anayepunguza wafanyakazi kwa sababu ya hali ya biashara anatakiwa awaambie mapema na kushauriana nao. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi anapewa taarifa isiyopungua siku 28, au analipwa badala yake. Likizo ambayo hukuchukua inalipwa. Na ukiwa umefanya kazi miezi 12 mfululizo au zaidi, unapata kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10.

Tuchukue mtu wa mshahara wa 180,000 aliyeuza duka miaka mitano, siku sita kwa wiki. Mshahara wa siku, ukigawa kwa siku 26 za kazi, ni kama 6,900. Zidisha kwa 7, kisha kwa 5, unapata kama 242,000. Ongeza na taarifa ya mwezi. Ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa, na ni haki yako.

Usipolipwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, wapo mkoani. Malalamiko ya kuachishwa kazi yapelekwe ndani ya siku 30. Watu wengi wanakaa wakisubiri bosi "atulie", siku zinapita, kisha inabidi waanze kwa kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini wamechelewa. Unajaza fomu namba 1, nakala unampelekea mwajiri, anasaini kupokea. Kwanza mnasuluhishwa, na kesi nyingi za maduka zinaisha hapo hapo kwa makubaliano ya kulipana kidogo kidogo.

Aliyekuwa anachangiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, aulizie fao la kukosa ajira. Masharti yake makubwa ni uwe umechangia angalau miezi 18 na uwe umeachishwa, siyo umeacha mwenyewe. Ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Ndiyo maana nakazia barua: ukiambiwa uandike barua ya kuacha kazi "ili tumalizane vizuri", usiandike.

Binti wa Mafiati

Asante sana kaka. Nina swali ambalo najua wengi humu wanalo. Sikuwa na mkataba wa maandishi. Tuliongea tu siku ya kwanza, nikaanza kazi. Na bosi wangu siyo mtu mbaya, kafilisika kweli. Naweza kwenda?

Afisa Utumishi, Mafinga

Unaweza. Kuandika masharti ya ajira ni wajibu wa mwajiri, na kesi ikifika mbele asipoweza kuonyesha maandishi, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Kusanya ulichonacho: meseji za mshahara kwenye simu, daftari la mauzo lenye mwandiko wako, wenzako mliofanya nao kazi, hata mteja wa Chimala aliyekuwa anakupigia kuagiza mzigo. Kuhusu wema wa bosi, kwenda CMA siyo kumshitaki kwa uhalifu. Mpigie kwanza umweleze. Anayewadai watu wa vijijini bado ana mali, na mkiandikiana mbele ya msuluhishi kwamba wakilipa mavuno na wewe unalipwa, karatasi ile ina nguvu. Umeachishwa lini hasa?

Binti wa Mafiati

Wiki mbili zilizopita.

Afisa Utumishi, Mafinga

Basi bado una muda. Nenda wiki hii, na mwenzako mliyekuwa naye aende pia, mjaze fomu kila mtu ya kwake.

Mama Neema, Sido

Na ukitoka huko mwanangu pitia kwangu Sido, ulizia Mama Neema wa nguo za watoto. Siku za mnada nahitaji mtu anayejua kuuza na kuandika daftari. Siyo kila siku, ila ni pesa ya mkononi. Kijana wa Soweto na wewe njoo, kuna robota za kubeba.

Kijana wa Soweto

Asante mama. Nakuja kesho asubuhi.