Kadi ya grafiki imetozwa ushuru, fomu BOR286 ya forodha ya Uingereza imerudishwa. Nifanyeje?

Kutoka: Tanga–Reading

Wadau, salaam. Mwenye kujua anisaidie, simu nimepiga mpaka nimechoka. Dada yangu wa Houston alinitumia RTX 5080, mpya kwenye boksi lake, kupitia kampuni ya vifurushi ambayo sitaitaja. Ikakaa bohari siku kumi na moja. Ikaja karatasi: VAT pauni 164, ushuru 20, ada yao ya kushughulikia 25. Jumla 209. Na VAT sina ugomvi. Ushuru ni wa nini? Vipuri vya kompyuta si asilimia 0? Kusoma vizuri, wameandika "vifaa vya umeme vya nyumbani". Yaani kama nimeagiza pasi.

Nililipa ili nikomboe mzigo, nikajaza BOR286 nidai changu, ikarudi na barua isiyoeleweka. Sasa nijaze ile fomu nyingine ya madai, C285? Au wao ndio wanatakiwa kudai kwa niaba yangu?

Vingine vyote viko mezani: prosesa ya Ryzen 7 9800X3D, mazabodi yenye soketi ya AM5, RAM GB 64, pawa saplai ya wati 750. Nahariri video za harusi, na kuna harusi ya mwezi wa nane bado imekwama kwenye kadi za kamera. Laptopu imegoma.

Kutoka: Moshi–Slough

Pole kaka. Zawadi huwa haitozwi kitu. Dada aandike barua tu kwamba ni zawadi. Mimi mama hunituma vitenge na majani ya chai kila Krismasi, sijawahi kulipa hata senti.

Kutoka: Mwalimu, Coventry

> Zawadi huwa haitozwi kitu

Tusipotoshane jamani. Zawadi ni mpaka pauni 39. Ikizidi hapo, VAT inakula thamani yote. Vitenge vya mama na kadi ya dola 999 wapi na wapi?

Kuhusu ushuru ndugu yetu yuko sahihi. Sifuri hiyo inatokana na mkataba wa WTO wa bidhaa za teknolojia ya habari, Singapore, 1996. Kosa ni namba ya bidhaa waliyoandika. Vipuri vya kompyuta viko 8473, na kadi nyingine huwekwa 8471. Wao wameiweka kwenye mapasi.

Kutoka: Kisumu–Luton

Wee jaza fomu ya ToR1 na uache stress. Mimi nilipohama kutoka Nairobi niliingiza kompyuta, TV, hata jiko, na sikulipa chochote. Ama huyo dada angeandika dola 30 yaishe.

Kutoka: Mwalimu, Coventry

ToR1 ni ya mtu anayehamia, na vitu awe amevitumia miezi sita kabla. Huyu yuko Reading tangu enzi, na kadi bado ina nailoni. Na hiyo dola 30: kifurushi kikipotea utalipwa dola 30. Huo ushauri tusipeane humu.

Kutoka: Kisumu–Luton

Sawa mwalimu, nimesimama pembeni ya darasa.

Kutoka: Mpemba Baridini

Mie fomu siziwezi, lakini ndugu yangu, hivyo vitu umevinunua kwa ushauri wa nani? 9800X3D ni ya wacheza gemu. Ina kore 8. Kwa video ungechukua 9950X, kore 16, soketi ile ile ya AM5. Na 5080 peke yake inakula wati 360; wenyewe NVIDIA wanaoitengeneza wanasema pawa saplai ya 850. Wewe una 750. Siku ukiexport video ya harusi ya masaa manne, kompyuta itazimika bi harusi hajafika hata ukumbini.

Kadi yenyewe umechagua vizuri, sikatai. Kamera nyingi za siku hizi zinaweza kurekodi rangi kwa mfumo wa 4:2:2, na kadi za mfululizo wa 40 zilikuwa hazisomi hiyo. Za 50 zinasoma. RAM je, ni vipande viwili au vinne? Ukiweka vinne vya RAM ya DDR5 kwenye AM5, kasi inashuka.

Kutoka: Tanga–Reading

Vinne vya GB 16. Viwili kati yake nilivipata kwa ofa.

Kutoka: Mpemba Baridini

Ewe Mola. Virudishe. Kama ulinunua onlaini una siku 14 za kughairi, hata bila sababu.

Kutoka: Moshi–Slough

Arudishe anunue kwa hela gani? RAM bei imeruka tangu mwishoni mwa 2025, hizo kampuni za AI zinazoa zote. Kaka, kaa na vinne vyako.

Ila nikuonye moja. Mara ya kwanza ukiwasha AM5, skrini inakuwa nyeusi dakika kadhaa, RAM inajipima. Mimi sikujua. Nilizima, nikawasha, nikazima. Nikafungua kila kitu usiku wa manane, nikafunga tena, mke wangu akaniuliza kama nimefukuzwa kazi. Asubuhi nikarudisha mazabodi dukani. Kijana akaichomeka pale pale, akanywa kahawa yake, ikawaka. Nimebadilisha duka kwa aibu.

Kutoka: Kisumu–Luton

Hapo ndio mimi hukumbuka Luthuli Avenue, Nairobi. Unaingia na keisi tupu, kijana wa kibanda anakuunganishia kila kitu kabla chai haijapoa, na anakuuliza mama anaendeleaje. Hapa unasoma mwongozo wenye picha za mikono tu.

Kutoka: Dada wa Bristol

Na Kariakoo je? Fundi wetu alikuwa hana meza, anatengenezea juu ya kreti la soda. Aliwahi kufufua kompyuta ya shule iliyoingia maji ya mafuriko. Aliikausha kwa feni siku tatu, akakataa kulipwa hadi iwake.

Kutoka: Mzee wa Coventry

Wanangu, mimi narudi mwakani, nataka niwapelekee wajukuu kompyuta nzuri. Nimeambiwa hata kwenye jedwali la ushuru la Afrika Mashariki kompyuta ni asilimia 0. Gari ndilo lina masharti, lazima liwe langu na nimelitumia huku miezi 12. Ni kweli?

Kutoka: Dada wa Bristol

Shikamoo mzee. Ndivyo. Lakini huo msamaha wa gari ni wa mtu anayerudi kuishi moja kwa moja. Wewe si ulichukua pasipoti ya huku? Utaingia kama mgeni nyumbani kwako.

Kutoka: Mzee wa Coventry

Marahaba. Umenichoma hapo hapo.

Kutoka: Kisumu–Luton

Sisi Wakenya tuna uraia pacha tangu katiba ya 2010. Karibuni, mzee. Tutakupa kuku.

Kutoka: Mwalimu, Coventry

Asante kwa kutonesha kidonda. Tumeandika maombi mangapi ya uraia pacha, na Tanzania mtu mzima bado anaambiwa achague moja. Pesa tunazotuma zinapokewa bila kuulizwa pasipoti.

Kutoka: Moshi–Slough

Mwalimu, siasa tulikubaliana ziende kule kwingine.

Kutoka: Mwalimu, Coventry

Nani alikubaliana? Mimi sikuwepo.

Kutoka: Tanga–Reading

Jamani, nimeshaelewa kuhusu RAM, na 850 nimeagiza jana. Narudi kwenye swali langu. Mzigo haukuja kwa posta, ulikuja kwa kampuni binafsi. Hiyo ndiyo sababu BOR286 imerudi? C285 inataka namba ya tamko la forodha, na kampuni wananiambia hiyo wanampa mtumaji tu. Dada yuko kazini usiku, Houston, hapokei. Nani amewahi kupita njia hii?

Kutoka: Mpemba Baridini

850 ya nani? Hakikisha ina waya wake wenyewe wa kadi, plagi ya 12V-2x6, usiniletee adapta. Na uusukume mpaka mwisho. Kuna kadi za RTX 4090 zilizoyeyuka plagi kwa sababu hiyo.

Kutoka: Mama wa Milton Keynes

Mwanangu wa Reading, mimi C285 siijui. Harusi ya mwezi wa nane ni ya binti yangu. Sasa ana mimba ya miezi minne na sijaona hata akikata keki.